Nasaba Twaijua, Maradhi ya Ukoo Je?

Nina jambo linanikera, na nisipolisema hapa sijui nitalisema wapi.

Huku kwetu Faza mtoto hajahitimu Kurani keshajua nasaba yake. Babu yangu akikaa barazani baada ya alasiri hukuhesabia mababa tisa bila kumeza mate: yupi alitoka Siyu, yupi alioa Kizingitini, yupi alifia safarini. Lakini muulize walikufa kwa maradhi gani. "Siku zao zilifika," basi, mlango umefungwa.

Mie nilijua kwetu kuna kisukari ami yangu alipokatwa mguu. Alikanyaga kombe la chaza asihisi chochote, mpaka kidonda kikaoza. Tulipokwisha kumpakia mashuani kwenda Lamu ndipo bibi akaninong'oneza kuwa babake na dada yake walikuwa nayo sukari. Kumbe alijua miaka yote! Ati angesema, mabinti wa nyumba wangekosa wa kuwaposa. Simlaumu, hofu yake ni ya kweli. Lakini nasema wazi kwamba siri ile ndiyo iliyompotezea ami mguu. Angejua, angepimwa mapema.

Utasema, mwenzangu, wewe kijana, wacheza mpira hadi magharibi, ya wazee yakuhusu nini? Sikiliza basi. Nyuma ya tumbo mna kongosho, nalo hutoa insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango iingie mwilini. Mtu akila, kwanza insulini hutoka kwa kishindo, kisha hufuata polepole. Wataalamu wamewapima vijana wazima ambao wazazi wao wana kisukari cha ukubwani, wakaona kwamba kwa baadhi yao kishindo kile cha kwanza ni dhaifu, na kwa wengine mwili ni mkaidi, wataka insulini nyingi kuliko kawaida. Na sukari yao ya damu bado ni sawa! Ni kama jahazi linalovuja huku mabaharia wakifua maji usiku kucha: ukiwa ufuoni waliona laelea vizuri tu. Mabaharia wakichoka, ndipo watu hupiga kelele.

Si kila mtoto wa mgonjwa ataugua, la. Na ukijua mapema pana la kufanya. Mwaka 2002 Marekani ilitolewa ripoti ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi lililofunzwa kula vizuri, kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Dakika 150! Babu zetu walikwenda Siyu kwa miguu. Sisi hata dukani ni bodaboda, na chai vijiko vinne.

Kwa maoni yangu, wazee wakikaa kuulizana habari za posa, wataje na maradhi, kama wanavyotaja mahari. Twaoana sana binamu kwa binamu. Urithi huu waweza kumjia mtoto kwa pande zote mbili. Nasi vijana tuulize, tusingoje kuambiwa.

Mie nimeanza. Juzi nilichukua daftari nikakaa na bibi jikoni. Alinitajia wanne. Wa tano alisita, akanambia nifunge mlango kwanza.