Vali ya Moshi Isizibwe

Imekuwa ada katika gereji zetu nyingi, tangu Mombasa hata Dar es Salaam, kwamba gari la dizeli lililokwisha kutumika Ujapani likianza kutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu, fundi hukata kipande cha bati, akaziba njia irudishayo moshi wa ekzosi katika injini, na mwenye gari akaenda zake akimshukuru. Shukrani hiyo, kwa maoni yangu, haikuwekwa mahali pake.

Hewa ivutwayo na injini, kama ivutwayo nasi, ni naitrojeni kwa kadiri ya sehemu 78 katika 100, na oksijeni kwa 21. Joto la silinda lipitapo kiasi, gesi hizi mbili, ambazo aghalabu hukaa pamoja pasipo kudhuriana, huungana na kuzaa oksaidi za naitrojeni, ambazo huwasha mapafu na kumzidishia dhiki mwenye pumu. Moshi uliokwisha kuungua, ukirudishwa kwa kipimo, hupunguza oksijeni, na kabonidayoksaidi na mvuke wa maji uliomo hufyonza joto hata mwako ukatulia.

Insafu yataka isemwe kwamba moshi huo hutwaa nafasi ya hewa safi, na kwamba masizi yake, yakutanapo na mvuke wa oili ya injini, hufanya utando mzito ubanao njia ya hewa katika menifoldi hata injini ikatweta. Walakini dhana ya kwamba vali ipitishayo moshi huo huiba nguvu daima haina ithibati: dereva akanyagapo mafuta hata mwisho, akipanda mlima na shehena, vali iliyo nzima hufungwa, injini ikapata hewa yake yote. Iibayo nguvu ni vali iliyokwama wazi kwa uchafu, na dawa yake ni kuifungua na kuisafisha, au kuibadilisha.

Bati hupunguza masizi, na hapo ndipo linapotuhadaa, maana macho huona ekzosi imetakata ilhali gesi isiyoonekana imezidi. Volkswagen ilipofichuliwa Marekani mwaka 2015 kwa programu iliyolegeza udhibiti wa gesi hizo hizo barabarani, watu walighadhibika kwa haki; abiria wasimamao kituoni nyuma ya daladala wanastahili ghadhabu iyo hiyo kwa ajili yao, na wakaguzi wa magari wanapaswa kufungua boneti walitafute bati.