Kusi si upepo wa kujifunzia

Huku kwetu Mtwara, anayeanza kurusha ndege ya rimoti asianze na kusi. Ndege ya povu jeupe, lile linalofungiwa televisheni, inapeperushwa kama karatasi. Amka alfajiri, bahari ikiwa bado imetulia. Kabla ya kurusha, inyanyue kwa ncha za vidole chini ya mabawa, kama theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikilalia mkia, sogeza betri mbele. Ikiinamisha pua kidogo tu, iache, itaruka vizuri. Na chumvi inakula mota, ifute siku hiyohiyo.

Mchanga wa Msimbati unavutia, najua, lakini pale pana visima vya gesi vya Mnazi Bay, na ng'ambo ya mto Ruvuma ni Cabo Delgado, Msumbiji, penye mapigano tangu 2017. Kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa Oktoba 2020. Kitu kinachoruka bila rubani karibu na mpaka kinatisha watu, na wana haki ya kuogopa. Vijana, ombeni kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kwanza. Na halmashauri, tafadhali tutengeeni kiwanja kimoja mbali na uwanja wa ndege.