Tamko la Watunza Kumbukumbu Kuhusu Kuziba Tarakimu za Watu kwa Nyota

Sisi watunza kumbukumbu, makarani wa masjala na waingiza takwimu, tukiwa tumekutana katika chama chetu, tunatoa tamko hili kwa waajiri wetu, kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwa wananchi ambao majalada yao yamo mikononi mwetu.

Mbele yetu ipo karatasi iliyobanduliwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi moja. Ina majina ya walioomba mkopo wa kikundi, namba zao za simu na namba zao za kitambulisho cha taifa, yaani NIDA. Aliyeiandaa alikuwa na nia njema: katikati ya kila namba ya simu kaweka nyota tatu, na mwisho wa kila namba ya NIDA kaweka nyota sita. Ilikaa pale wiki mbili, wapita njia wakiipiga picha.

Tuisome kama atakavyoisoma tapeli. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1988, namba yake huanza na 19880304. Nyota sita zimeziba mkia, tarehe imebaki wazi kando ya jina kamili. Nyota tatu za kwenye simu nazo zinaacha uwezekano 1,000 tu, kuanzia 000 hadi 999, na kila anayetuma pesa kwa simu anajua kwamba jina la mpokeaji hutokea kabla ya kuthibitisha muamala. Jina analo tayari. Kilichobaki ni kujaribu namba moja baada ya nyingine kwa jioni chache, kisha ampigie mama wa watu, amtaje kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na mkopo aliouomba. Nani asingemwamini?

Hatari huongezeka pale kila ofisi inapoziba kwa mtindo wake. Hii inaficha mwanzo wa namba, ile inaficha mwisho. Ukizilaza karatasi mbili pamoja, namba nzima unayo.

Tunasikitishwa pia na kuficha kwa juujuu. Jedwali la Excel linatumwa kwenye kundi la WhatsApp likiwa na safu iliyofichwa, na mpokeaji anaifichua kwa kubofya mara mbili. Kisanduku cheusi kinawekwa juu ya maneno, na maneno yenyewe yamo chini yake, yanangoja kunakiliwa. Januari 2019 mawakili wa mshtakiwa Paul Manafort huko Washington waliwasilisha mahakamani waraka wa namna hiyo, na waandishi wa habari waliyasoma yaliyofichwa siku hiyo hiyo.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo hatuombi hisani. Tunaitaka Tume itoe mwongozo mmoja wa kuziba tarakimu kwa ofisi zote. Pendekezo letu ni kwamba namba ya NIDA ionyeshe tarakimu nne za mwisho tu, na ya simu tatu za mwisho, popote pale. Waajiri nao, kabla ya kutuagiza kubandika orodha, watueleze namba hizo zinahitajika kwa nini. Mwombaji mkopo anaweza kujulishwa kwa ujumbe wa simu, na ubao ukabaki na namba ya fomu yake peke yake. Kwa orodha za wagonjwa hatuna pendekezo la nyota: zisibandikwe kabisa.

Nasi tuna letu la kukiri. Kwenye mageti ya ofisi zetu kuna daftari la wageni, na anayeandika mstari wake anaisoma mistari yote ya juu: jina, simu, kitambulisho, amekuja kumwona nani. Tumelizoea hata hatulioni. Tumeazimia kuliondoa kila penye mwanachama wetu. Mgeni atajaza kipande chake cha karatasi, atakiingiza mwenyewe kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo utakaa masjala.