Siku ya liste, musituambie tena ni rezo



Kila mwaka ni ile ile. Matokeo ya Examen d'État yanatoka, ao ofisi fulani inatangaza kama majina ya familia zitakazosaidiwa yamewekwa kwa intaneti, na dakika ileile ukurasa unakufa. Mama aliyekimbia Bukavu mwezi wa pili 2025, leo amepanga chumba kimoja pembeni ya Kasapa, ananunua mega za siku, anabonyeza, duara linazunguka, anabonyeza tena. Kila kubonyeza kunakula mega hata kama hakuna kinachofunguka. Jioni anaambiwa: "Ni rezo, mama, ungoje kesho." Na kesho hana tena franka za kununua mega.

Mimi nasema jibu hilo halitoshi. Kweli kuna siku rezo yenyewe inakatika. Mwezi wa nane 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Kongo, ukakata kebo za WACS na SAT-3, na inchi yetu iliumia kati ya zingine. Lakini siku ya liste, WhatsApp inafunguka, Facebook inafunguka, ni ukurasa ule tu unaokataa. Basi si rezo. Ni kompyuta moja iliyoachwa peke yake mbele ya watu elfu na elfu.

Dawa yake inajulikana. Kwa Kifaransa wanaiita répartiteur de charge. Hapa tuseme mgawanya-mzigo. Fikiria benki yenye giche tatu na mlinzi mmoja mlangoni. Wewe unaenda giche ya kwanza, anayefuata ya pili, mwingine ya tatu. Mlinzi yule anapita pia kutazama: wa giche ya pili akianguka usingizi, hamtumii tena mtu kwake mpaka aamuke. Sisi wa Lubumbashi tunajua délestage ya umeme, pale quartier moja inazimwa ili nyingine iwake. Hapa hakuna anayezimwa. Mzigo unagawanywa.

Kitu ambacho wakubwa wengi wa ofisi hawajui ni kwamba mlinzi huyo hanunuliwi kwa duka wala haletwi na kontena kutoka Durban. Anakodiwa, na anaweza kuundwa na mwanafunzi wa Unilu ao wa ESIS Salama, amekaa kwa kitanda cha home, na amri za kuandika kwa kioo cheusi. Kwa Amazon, kwa mfano, kuna amri nne kubwa: aws elbv2 create-load-balancer inamuunda mlinzi, create-target-group inaunda kundi la giche, register-targets inaandika kila kompyuta ndani ya kundi, create-listener inamwambia mlinzi asikilize kwa mlango gani. Ukiongeza --region af-south-1, kazi yote inafanyika Cape Town, ambako Amazon ilifungua kituo mwaka 2020. (Kijana, uangalie: kituo hicho hakiko wazi kwa akonti yako mpaka ukiombe kwanza. Na mlinzi anataka subneti mbili katika zoni mbili tofauti, bila hiyo atakataa kuzaliwa.)

Juu ya nini amri za kuandika, na si kubofya kwa ukurasa mzuri wenye rangi? Kwa sisi sababu iko wazi. Ukurasa ule ni mzito, unakula mega, na umeme ukikatika katikati, haujui tena ulifikia wapi. Amri ni mistari kidogo ya maandishi. Inapita hata kwa konesho dhaifu ya simu. Tena unaiweka ndani ya faili, na mwaka ujao mwingine anairudisha bila kuanza upya. Ofisi inabaki na kazi hata kama kijana ameenda Kolwezi kutafuta mshahara.

Bei? Kule Virginia, mgawanya-mzigo wa Amazon ni dola 0,0225 kwa saa, karibu dola 16 kwa mwezi, mbali na hesabu ya watu wanaopita na kompyuta zilizo nyuma. Cape Town ni zaidi kidogo. Kwa siku tatu za liste, hata dola 5 mlinzi peke yake hafikishi. Kiisha unaandika delete-load-balancer, na unazima pia kompyuta za nyuma, kwani zile hazifi pamoja naye. Ukizisahau, faktire itakukumbusha.

Nimesikia mafundi wakisema: "Tununue tu kompyuta moja kubwa." Hapana. Moja kubwa ikianguka, wote wanaanguka. Lakini pia sitaki mtu auze mgawanya-mzigo kama dawa ya mganga. Ukiweka giche tatu na daftari moja tu ambalo wote wanaligombania, foleni inahamia kwa daftari. Kwa liste ya majina, afazali kurasa nyepesi zilizo tayari, bila picha ya mkubwa anayetabasamu, kila giche na kopi yake. Tena mlinzi hachunguzi mara kwa mara kama unavyodhani: kwa kawaida anapita kila sekunde 30, na anangoja kushindwa mara mbili. Karibu dakika moja watu wanaweza kuendelea kutumwa kwa giche iliyokufa. Na ukishambuliwa, kama eCitizen ya Kenya mwezi wa saba 2023, mlinzi wa kugawa foleni hatoshi kuwafukuza wezi.

Jambo moja lingine, la saa. Jina la ukurasa linapaswa kuelekezwa kwa mgawanya-mzigo mbele ya wakati, na rezo za watu zinachukua muda kulipata jina jipya. Anayeanza asubuhi ya matokeo amekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo, ofisi ikikuja tena kwa redio kutangaza liste ya intaneti, kwa watu wa Mitwaba, wa Pweto ao wa Kivu, tutawauliza hewani: kompyuta ngapi ziko nyuma? Nani alijaribu, na watu wangapi kwa mara moja? Ukurasa unakula mega ngapi? Na kopi ya karatasi imebandikwa ukuta gani, kwa yule ambaye simu yake haina moto?