Asili ya Shujaa na Swali la Mamlaka

Umeenea miongoni mwa baadhi ya wahakiki mtazamo kwamba hadithi za vibonzo za Marekani ni fasihi simulizi ya zama za viwanda. Hoja yao kuu ni kwamba asili ya mashujaa wake hubadilika kila inaposimuliwa upya, sawa na visa vya Fumo Liyongo vinavyotofautiana kutoka kinywa hadi kinywa. Hoja hii inavutia, lakini ina kasoro ya msingi. Inayatazama mabadiliko yenyewe na kusahau kuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kubadilisha.

Mfano wa Superman unatosha. Alipotokea mara ya kwanza mwaka 1938, katika toleo la kwanza la Action Comics, asili yake ilielezwa kwa ufupi mno: mtoto mchanga anarushwa kutoka sayari inayoangamia, anaokotwa na mpita njia mwenye gari na kupelekwa kwenye makao ya mayatima. Mwaka 1939 akapewa walezi, mume na mke wa ukoo wa Kent, nao wakafariki. Mwaka 1986, katika The Man of Steel, John Byrne aliwafanya walezi hao kuwa hai, akaigeuza sayari ya Krypton kuwa jamii baridi isiyo na mapenzi, na visa vya ujana wa shujaa akiwa Superboy vikafutwa. Neno "vikafutwa" ndilo la kuzingatiwa. Baada ya kampuni ya DC kuchapisha Crisis on Infinite Earths (1985–1986), sehemu kubwa ya historia ya awali ilihesabiwa kuwa haikutokea kamwe.

Katika fasihi simulizi hakuna fanani mwenye uwezo wa kubatilisha usimulizi wa mwenzake. Visa vya Liyongo vilivyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 havikumzuia Muhamadi Kijumwa kuutunga utendi wake mwaka 1913, wala utendi huo haukuyanyamazisha masimulizi ya wazee wa pwani. Hadhira ndiyo huamua. Kisa kisichoigusa hufa kwa kukosa wa kukisimulia. Kinyume chake, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman, waliuza haki zao kwa dola 130 mwaka 1938, na tangu hapo kauli ya mwisho juu ya mhusika wao haikuwa yao tena. Iliwabidi kungoja hadi mwaka 1975 ndipo wakakubaliwa malipo ya kila mwaka na majina yao kurudishwa kwenye kazi yao. Ni fanani gani wa Lamu aliyewahi kunyang'anywa Liyongo?

Watetezi wa mtazamo huu watajibu kwamba kila kizazi kinahitaji shujaa wake. Jibu hilo halikidhi haja. Mwaka 1963 Tony Stark, mtengenezaji wa silaha, alijeruhiwa nchini Vietnam na kuwa Iron Man. Filamu ya mwaka 2008 ilikihamishia kisa hicho Afghanistan, na angalau ikamjeruhi kwa kombora la kampuni yake mwenyewe, hivyo ikaikabili hatia yake. Lakini mwaka 2019, katika History of the Marvel Universe, vita hivyo vilipelekwa Siancong, nchi isiyokuwepo katika ramani yoyote. Vita halisi vilivyoua watu halisi vikaondolewa katika asili ya shujaa, ili asizeeke na aendelee kuuzika. Huko si kuhuisha kumbukumbu ya jamii, bali ni kuifuta.

Hii haina maana kwamba vibonzo havistahili kuhakikiwa. Vinastahili, na wanafunzi wa fasihi wana mengi ya kuvuna humo. Hata hivyo, uhakiki wake hauna budi kuanza na hakimiliki, mkataba na soko, kwani humo ndimo asili ya shujaa inamoamuliwa. Mhakiki anayeuita utaratibu huo fasihi simulizi anaivika kampuni heshima ambayo ni ya jamii, na papo hapo anamfundisha mwanafunzi kwamba kisa cha Liyongo nacho kinangoja mwenye kukimiliki.