Kibali cha filamu hakimlindi mwenye shamba

TANGU Serikali ilipozindua Mji wa Serikali Mtumba Aprili 2019, eneo hilo lililoko takriban kilomita 17 mashariki mwa katikati ya Jiji la Dodoma limebadilika sana. Palipokuwa na vichaka na mashamba ya mtama na uwele sasa pana majengo ya wizara, barabara za lami na nyumba za kupanga. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, imefupisha safari, na kila anayetaka kuonyesha sura ya makao makuu anaweza kufika asubuhi na kurudi jioni.

Pamoja na ofisi zimekuja kamera. Wako wanaopiga matangazo ya biashara, wanaotengeneza filamu za maelezo kuhusu miradi, watu wa vipindi vya televisheni na vijana wa video za muziki. Wote hawa hawatafuti majengo tu. Wanatafuta shamba la zabibu lililobeba kule Hombolo au Mpunguzi, meza ya nyanya sokoni Majengo, au mama lishe aliyezungukwa na wateja. Kwa maneno mengine, wanatafuta mahali pa kazi pa mkulima na mfanyabiashara mdogo.

Mjadala wa vibali vya filamu kwa kawaida huwahusu watayarishaji wanaolalamikia urasimu na Serikali inayolinda usalama na sura ya nchi. Mtu wa tatu, yaani mwenye shamba au mwenye meza, hatajwi mara nyingi, ingawa ndiye anayepata hasara ya moja kwa moja mambo yakienda vibaya.

Sheria inasema nini

Msingi wa taratibu hizi ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976. Inamtaka anayetengeneza filamu apate kibali kabla ya kuanza kazi na aeleze filamu yake inahusu nini. Bodi ya Filamu ndiyo yenye usimamizi, na sheria inatambua pia bodi za mikoa na wilaya.

Juni 2019 Bunge lilirekebisha sheria hiyo. Kampuni ya kigeni inayopiga picha nchini ilitakiwa kuwasilisha picha zote ghafi, maelezo ya maeneo ilikopigia picha, na nakala ya filamu iliyokamilika ambayo nchi inaweza kuitumia kujitangaza. Wapo waliosema masharti hayo yatawafukuza wageni, na wapo waliosema ni haki ya nchi kujua kilichochukuliwa kwake.

Bodi ya Filamu si mlango pekee. Anayetaka kurusha ndege isiyo na rubani, maarufu kama droni, anahusika na Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi. Anayetaka kupiga picha kwenye reli anahitaji ruhusa ya Shirika la Reli, na anayetaka kuziba barabara anahitaji polisi. Maeneo ya ulinzi na usalama yana sheria zake. Kwa mkulima wa Mtumba hili si jambo dogo, kwa sababu shamba linaweza kuwa lake na hati ikawa yake, lakini anga iliyo juu yake ikawa karibu na ofisi za Serikali. Akimruhusu kijana arushe droni kwa kuwa tu uwanja ni wake, maswali yatamfikia naye.

Kibali kinapoishia

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kibali cha Serikali si mkataba wa eneo. Kinampa mtayarishaji ruhusa ya kufanya kazi yake nchini. Hakimpi haki ya kuingia kwenye shamba la mtu, kukanyaga matuta, kusogeza bidhaa za mtu wala kutumia sura ya mtu kuuzia mbolea. Mambo hayo ni ya makubaliano kati ya pande mbili.

Mara nyingi, hata hivyo, watu hufika na karatasi yenye mhuri, wakiongozana na kiongozi wa mtaa, na mwenye shamba akiona mhuri hudhani hana la kusema. Hupewa "hela ya soda" na kazi huanza. Hapo ndipo hasara inapoanzia, na hesabu yake ni rahisi kuifanya.

Hesabu ya siku moja

Chukua mfano wa muuza nyanya ambaye kwa siku ya kawaida hubaki na faida ya Sh25,000 baada ya kumlipa msaidizi wake Sh7,000. Kikundi cha filamu kinaomba meza yake kuanzia asubuhi hadi jioni na kumpa Sh10,000. Siku hiyo hauzi. Faida ya Sh25,000 imekwenda, msaidizi bado anadai Sh7,000, na tenga moja alilolinunua kwa Sh18,000 linaharibika kwa jua. Jumla ni Sh50,000. Ukitoa alizopewa, amepoteza Sh40,000, mbali na wateja waliohamia meza ya jirani.

Kwa mkulima wa zabibu hasara hujificha zaidi. Tuseme mizabibu mitano imekatika wakati wa kupitisha nyaya na taa, kila mmoja hutoa kilo tano kwa msimu, na bei ni Sh1,000 kwa kilo. Mtayarishaji mwenye nia njema atalipa Sh25,000 na kudhani amemaliza. Lakini Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mzabibu mpya huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Kwa miaka miwili tu mkulima amekosa misimu minne, yaani mapato ya Sh100,000 kabla ya kutoa gharama, bila kuhesabu miche na kazi ya kupanda upya.

Bei hizi ni za mfano na kila mmoja aweke za kwake. Kinachotakiwa ni kanuni: malipo ya eneo yasiwe chini ya faida itakayokosekana, gharama zinazoendelea na mali itakayoharibika. Kinachozidi hapo ndicho pato la kweli.

Usalama si wa wasanii tu

Ajali kwenye kazi za filamu hutokea hata kwenye nchi zenye uzoefu mkubwa. Februari 20, 2014 katika jimbo la Georgia nchini Marekani, watengenezaji wa filamu ya Midnight Rider walipanga kitanda cha chuma juu ya daraja la reli. Walikuwa na ruhusa ya mwenye ardhi iliyopakana na reli, lakini kampuni ya reli ilikuwa imewakatalia. Treni ilikuja. Msaidizi wa mpiga picha, Sarah Jones, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alifariki dunia na wenzake kadhaa walijeruhiwa. Mwaka 2015 mwongozaji wa filamu hiyo, Randall Miller, alikiri kosa la kuua bila kukusudia na kuhukumiwa kifungo.

Kwa wakazi wa Ihumwa na maeneo mengine ambako reli ya umeme inapita, somo liko wazi. Ruhusa ya mwenye shamba haivuki mpaka wa shamba. Treni za reli hiyo zimesanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na nyaya zilizo juu yake zina umeme mkubwa. Mkulima anayewaelekeza wapiga picha njia ya mkato kuelekea relini anawaingiza kwenye hatari na kujiingiza mwenyewe kwenye kesi.

Shambani nako kuna hatari ambazo mgeni hazijui. Mizabibu hupuliziwa dawa, ikiwamo salfa ya kuzuia ubwiri unga, na kila dawa ina muda ambao mtu hatakiwi kuingia bila vifaa vya kujikinga. Kuna visima visivyofunikwa, mizinga ya nyuki na ng'ombe dume wasiozoea taa kali. Mwenye shamba ana wajibu wa kusema haya kabla kamera haijawashwa, na ni vizuri aliyosema yaandikwe.

Sokoni hatari kubwa ni njia kuzibwa. Nyaya za jenereta, taa na stendi za kamera zikiwekwa kwenye vichochoro vyenye majiko ya mkaa, watu hukosa pa kukimbilia. Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo Julai 10, 2021 haukuhusiana na filamu, lakini ulionyesha jinsi mitaji ya watu wengi inavyoweza kupotea usiku mmoja. Uongozi wa soko unapaswa kujua ni njia ipi itabaki wazi, nani atakayelinda nyaya, na nani atakayelipa kitu kikiungua.

Jina la zao

Hasara nyingine haionekani siku ya kupiga picha. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyohusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria jijini Mwanza na kuihusisha na usafirishaji wa silaha. Ilishinda tuzo nje ya nchi na mwaka 2006 ilishindania tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani na wananchi wa Mwanza waliandamana kuipinga. Wengine waliitetea wakisema ilionyesha umaskini ambao ni wa kweli.

Iwe mtu yuko upande gani, waliokuwa na biashara ya kupoteza ni wavuvi, wachuuzi na wafanyakazi wa viwanda vya minofu. Si sahihi kudai kwamba mkulima apewe haki ya kuamua filamu isemeje. Ukweli lazima usemwe hata ukiuma. Lakini ana haki ya kujua anapigwa picha kwa ajili ya nini. Aliyekubali kuonekana kwenye kipindi cha elimu hajakubali kuwa tangazo la kiuatilifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa pa kusimamia, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024.

Jiji likubali kutofautisha

Upande wa pili wa hoja nao una uzito. Vijana wengi wa Dodoma wanaopiga picha hawana mtaji. Ukiwawekea masharti ya kampuni kubwa, ama wataacha kazi au watafanya kwa kujificha, na anayejificha hajali usalama wa mtu. Wakulima nao wanawahitaji: anayeuza mvinyo, mafuta ya alizeti au asali anataka video fupi ya bidhaa yake kwa bei anayoimudu.

New York, ambayo ilianzisha ofisi maalumu ya filamu mwaka 1966, ilikutana na tatizo hilo. Mtengenezaji filamu wa India, Rakesh Sharma, alishikiliwa na polisi mwaka 2005 akipiga picha mtaani kwa kamera ya mkononi, akafungua kesi. Kanuni mpya zilitolewa mwaka 2008. Anayetumia kamera ya mkononi au stendi ya miguu mitatu bila kujitengea eneo la umma hahitaji kibali. Anayeleta magari, taa na vifaa vikubwa anahitaji kibali, na lazima awe na bima ya kulipa madhara kwa watu wengine, ya kiasi kisichopungua dola milioni 1.

Dodoma si New York, lakini kanuni ya uzito wa masharti kulingana na ukubwa wa kazi inaweza kufuatwa. Kwa kuwa sheria ya mwaka 1976 inatambua bodi za mikoa na wilaya, kazi ndogo za siku moja zingeweza kumalizwa huko huko. Kazi kubwa ziende Bodi ya Filamu, zikiwa na bima na barua ya ridhaa ya kila mwenye eneo litakalotumika. Sharti hilo la barua lingemwingiza mkulima kwenye utaratibu ambao kwa sasa unampita.

Karatasi moja

Wakati hayo yakisubiriwa, mkulima na mfanyabiashara wanaweza kujilinda kwa karatasi moja, iliyosainiwa mbele ya shahidi kabla ya kazi kuanza. Iandikwe nani anapiga picha na namba ya kibali chake. Tarehe na saa za kuanza na kumaliza. Sehemu zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa. Malipo na siku ya kulipwa. Fidia ya kila mzabibu, meza au tenga litakaloharibika. Nani anayegharimia matibabu mtu akiumia. Na picha zitatumika wapi. Mwisho iwekwe haki ya kupata nakala. Kama Serikali iliona ni busara kudai nakala kutoka kwa wageni, mwenye shamba naye ana sababu ileile, kwani nakala hiyo inaweza kumtangazia zao lake.

Vyama vya ushirika na viongozi wa masoko wanaweza kuandaa mfano wa mkataba huo kwa wanachama wote, ili asitokee mmoja wa kukubali bei ya chini na kuwaangusha wengine. Maonyesho ya Nanenane katika viwanja vya Nzuguni, ambako wakulima, maofisa na wapiga picha hukutana kila Agosti, yangefaa kwa kazi hiyo. Mtayarishaji makini hataogopa karatasi. Anayeikataa amemwonyesha mwenye shamba mapema kwamba mizabibu ikikatika hatarudi kulipa.