NYUMBA IUFUATE MLIMA

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ramani kuu ya mwaka 1976, iliyotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, haikutaka majumba ya fahari yashindane na vilima. Ilitaka mji wa kadiri, ufuatao umbo la ardhi.

Tangu Dodoma itangazwe kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vimepanda thamani, na nyumba nazo zapanda vilimani. Kujenga mlimani si kosa. Kosa ni kuutendea mlima kana kwamba ni uwanda: kuukata wima, kung'oa miti na kumwaga kifusi bondeni. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 tu kwa mwaka, lakini huja kwa kishindo juu ya ardhi iliyokauka kwa miezi mingi. Ajengaye juu kwa pupa humpelekea jirani wa chini korongo. Na jirani huyo mara nyingi ni mfanyakazi wa kipato kidogo.

Wagogo walijenga tembe: nyumba fupi ya miti na udongo wa pale pale, paa bapa, isiyopigana na upepo wala jua. Hatusemi turudi kwenye paa la udongo, ambalo huvuja. Twasema tuichukue hekima yake.

Nyumba ilazwe kukingama mteremko, na sakafu ishuke kwa ngazi badala ya kilima kusawazishwa. Msingi uwe wa mawe, ambayo Dodoma inayo tele. Ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji. Paa la mita 50 za mraba laweza kupokea hadi lita 27,500 za mvua kwa mwaka: zikiachwa huchimba makorongo, zikikingwa tangini huisaidia familia wakati wa kiangazi.

Kondoa yatosha kuwa funzo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipate kupona. Kuponya ni kazi kubwa kuliko kukinga.

Basi, wapimaji wasigawe viwanja kwenye miteremko mikali, mafundi wafundishwe kazi hii, na kila mjenzi, mkubwa kwa mdogo, akumbuke kwamba chini ya nyumba yake kuna nyumba ya mwenzake.